Amesahau tena: jinsi ya kumsamehe mtu msahaulifu bila kujifanya hujaumia

"Jamani samahani, nilisahau kabisa."

Ukiipokea hiyo meseji usiku baada ya kukaa siku nzima unamsubiri mtu, kuna kitu kinakukaba kooni na hata ukiulizwa kinaitwaje hujui. Sio hasira haswa. Ni kama umewekwa kwenye mizani ya mtu ukaonekana mwepesi.

Mimi ilinipata siku ya upasuaji. Rafiki yangu, mtu tunayesali pamoja, tumefunga pamoja, tumelia pamoja, aliniahidi atakuja asubuhi na mapema tuombe kabla sijaingizwa ndani, nikasubiri, nesi akaja mara ya kwanza nikamwambia naomba dakika tano kuna mtu anakuja, akaja tena, mara ya tatu nikapelekwa bila kuombewa na yule niliyemtaka. Alikumbuka baada ya siku mbili. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa na sababu, hakufiwa, hakuumwa, simu yake haikuibiwa. Alisahau tu. Nikamjibu "usijali dada, haina shida", alafu nikakaa na hiyo shida miezi saba.

Kwahiyo haya ninayoandika nimeyapitia, na mengi niliyafanya vibaya kwanza ndo nikajifunza. Kama una mume, mke, rafiki, mtoto, mzazi au mtu wa kwenye huduma ambaye kila siku anasahau na wewe kila siku unaumia, kaa hapa kidogo.

Elewa kwanza kichwa cha mwanadamu kinavyosahau

Wengi tunaamini kwamba kitu ukikipenda huwezi kukisahau. Ndo hapo maumivu yanapoanzia, kwasababu mtu akisahau tunasikia amesema "wewe sio muhimu", wakati yeye hakusema chochote, hata hakuwaza chochote, na kutokuwaza huko ndo kusahau kwenyewe. "Ungekuwa unanijali ungekumbuka." Hiyo kauli imeharibu ndoa na urafiki mwingi na mara nyingi sio kweli.

Kuna kukumbuka ya jana na kuna kukumbuka ya kesho, na havifanyi kazi sawa. Mtu anaweza kukueleza neno kwa neno mlichoongea miaka kumi iliyopita, lakini akasahau kwamba leo saa kumi alitakiwa akupitie. Kukumbuka jambo la kufanya baadaye kunahitaji kitu cha kukushtua wakati ule ule unaotakiwa, sio kabla sio baada, na kama umechoka au una haraka au uko kwenye njia uliyoizoea, miguu inafuata mazoea na kichwa kinafuata miguu. Ulisema leo nikitoka kazini napitia kwa fulani nichukue mzigo wake, unashtuka umefika kwako mikono mitupu. Ulikuwa humpendi huyo fulani? Hapana. Njia tu ilikubeba.

Hata ya jana nayo hayakai. Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio yeye mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana alafu anajipima baada ya muda, matokeo akayachapisha mwaka 1885, na alichokiona ni kwamba sehemu kubwa inapotea mapema sana, saa za mwanzo tu, na kinachobaki ndo kinapungua polepole. Sasa mtu uliyemwambia jambo lako mara moja, mlangoni, anavaa viatu, mtoto analia, unategemea nini.

Nirudi kwenye upasuaji wangu. Kuna kitu nilikiona kule ndani sikukielewa mpaka baadaye. Waliniuliza jina langu, ingawa lilikuwa limeandikwa kwenye mkono, wakaniuliza tena unafanyiwa nini na upande gani, kuna mtu ameshika karatasi anasoma kwa sauti na wengine wanaitikia. Nikaja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, ina vipengele 19, na ndani yake kuna kuthibitisha mgonjwa ni nani na kuhesabu vifaa, sindano na pamba kabla mgonjwa hajatoka. Yaani madaktari bingwa, watu walioshika uhai wa mtu mkononi, wanaambiwa someni karatasi msitegemee kichwa. Hakuna anayesema hawajali. Wanasoma karatasi kwasababu wanajali na wanajua kichwa kinadanganya. Siku ile ile niliyomhukumu rafiki yangu kwamba hanipendi kwasababu alisahau, mimi mwenyewe nilikuwa salama kwasababu kuna watu walikubali kwamba binadamu anasahau.

Zaburi ya 103 mstari wa 14 inasema "Yeye anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Mungu anapotuangalia anakumbuka tumetengenezwa na nini. Sisi tukiangaliana tunasahau hilo kabisa.

Biblia imejaa wasahaulifu

Unamkumbuka Yusufu gerezani, alimtafsiria mkuu wa wanyweshaji ndoto, akamwomba kitu kimoja tu, ukitoka unitaje kwa Farao. Mwanzo 40 inafunga na mstari mfupi unaouma: "Lakini huyo mkuu wa wanyweshaji hakumkumbuka Yusufu, alimsahau." Sura inayofuata inaanza baada ya miaka miwili mizima. Miaka miwili ya gereza kwasababu mtu alisahau! Na yule mnyweshaji alipokumbuka alisema mwenyewe mbele ya Farao kwamba leo nayakumbuka makosa yangu. Angalia sasa, Yusufu akatolewa, akanyolewa, akabadilishiwa nguo, akasimama mbele ya Farao, na hakuna mahali imeandikwa alimgeukia mnyweshaji akamwambia "wewe, miaka miwili". Alipewa mamlaka juu ya nchi nzima na bado hakuna mstari wa kisasi kwa yule mtu. Baadaye akamzaa Manase, akasema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote. Mimi huwa nakaa sana na hilo.

Paulo naye. Anawaandikia Wakorintho kwamba hakubatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo, alafu anakumbuka aah na nyumba ya Stefana pia, alafu anasema zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. Mtume, jambo zito kama ubatizo, na hakumbuki ni nani na nani, na hakuona aibu kuliacha hivo hivo kwenye barua.

Alafu kuna huu mstari ambao sijawahi kusikia ukihubiriwa na naupenda mno, Kumbukumbu la Torati 24:19. Mungu anawaambia watu wake mkivuna shamba, ukisahau mganda shambani usirudi kuuchukua, uache uwe wa mgeni na yatima na mjane. Umeona? Kwenye sheria yenyewe Mungu ameshatenga nafasi ya mtu kusahau, na akaigeuza ikawa chakula cha mwenye njaa.

Sasa unafanyaje mtu akishakusahau

Usijibu hapo hapo. Mithali 19:11 inasema busara ya mtu huiahirisha hasira yake. Kuahirisha maana yake inasogezwa mbele kidogo, saa moja, saa tatu, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Ila usiisogeze miezi saba kama mimi, Waefeso 4:26 ipo pale, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka.

Ndani ya hizo saa chukua karatasi, au simu, andika mistari miwili. Wa kwanza andika kilichotokea kama kamera ingekiona, hakuna zaidi: "Alisema atakuja asubuhi, hakuja." Wa pili andika ulichokitafsiri: "Maana yake mimi sina thamani kwake." Uitazame hiyo mistari miwili. Wa kwanza una ushahidi. Wa pili ushahidi wake uko wapi? Mimi nilipoandika huu wa pili, ikabidi niwe mkweli kwamba huyu dada alikaa na mimi usiku kucha nilipofiwa, na pia aliniombea kazi mpaka nikapata. Mstari wa pili ulikuwa uongo, na nilikuwa nimeuamini miezi yote hiyo. Samahani, hii hatua ni ndogo lakini usiiruke, yaani ukiiruka utasamehe kitu ambacho mtu hakukifanya na kile alichokifanya kitabaki pale pale.

Alafu ongea naye. Hapa ndo Wakristo wengi tunakosea kwa nia nzuri. Tunadhani kusamehe ni kusema "haina shida". Kama haina shida basi hakuna cha kusamehe! Ukisema haina shida wakati ina shida umedanganya, na yule mtu umemnyima nafasi ya kutubu, na wewe umejinyima nafasi ya kusamehe kweli. Yesu kwenye Mathayo 18:15 amesema ndugu yako akikukosa nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Wewe na yeye. Sio wewe na kikundi cha maombi, mnaweka "naombeni mniombee kuna mtu ameniumiza" na kila mtu anajua ni nani. Wala sio kumtumia mistari ya Biblia kwenye simu aisome mwenyewe ajijue.

Ukimwendea sema hivi, kwa maneno yako: "Siku ile ulisema utakuja na hukuja. Niliumia. Nilijisikia niko peke yangu. Sidhani kama ulifanya makusudi ila nimeona nikuambie kuliko kukaa nalo." Basi, nyamaza. Usiongeze "kama kawaida yako". Usiongeze "na mwezi wa pili pia". "Kama kawaida yako" ni sumu, kwasababu inaligeuza kosa kuwa jina la mtu, na mtu akishapewa jina la msahaulifu analivaa, anaacha hata kujaribu.

Akisema samahani, mwambie "nimekusamehe". Litamke neno lenyewe. Hatujalizoea, tunaona kama zito sana kwa jambo dogo, tunakimbilia "usijali". Lakini mtu mwenye roho nyepesi aliyesahau jambo lako anabeba aibu, na "usijali" haimtui hiyo aibu, anaondoka nayo, siku nyingine anaanza kukukwepa.

Na akisema hana sababu, usimtafutie. Hili lilinichukua muda. Nilikuwa nataka rafiki yangu awe na sababu, awe alikuwa na matatizo makubwa nisiyoyajua, ili iwe rahisi kumsamehe. Hakuwa nayo. Kumbe mtu mwenye sababu unamwelewa, asiye na sababu ndo unamsamehe. Wakolosai 3:13 inasema mkichukuliana na kusameheana mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake. Sababu ya kulaumu ipo kweli, haijakanushwa, na juu ya hiyo sababu ndo msamaha unawekwa.

Funga daftari

Kwenye 1 Wakorintho 13:5 kuna maneno tunayasoma harusini tunapita, kwamba upendo "hauhesabu mabaya". Neno la Kigiriki lililotumika pale ni la mahesabu, lile la mtu anayeandika kwenye daftari nani anadaiwa nini. Kusahau ni kosa linalopenda sana kuhesabiwa kwasababu ni dogo na linajirudia, mara ya kwanza, ya pili, ya tisa. Bandu bandu huisha gogo. Unakuta ndoa haijavunjwa na jambo lolote kubwa, imevunjwa na daftari.

Nakwambia ujaribu hivi, kila ukijikuta unasema moyoni "hii ni mara ya nne", jiulize zile tatu ulizisamehe au uliziweka akiba. Kama uliziweka akiba, anza na hizo, zitaje moja moja mbele za Mungu uziachilie, ndo urudi kwenye ya nne. Mungu mwenyewe amesema "dhambi zao sitazikumbuka tena", Waebrania 8:12, na yeye sio kwamba kumbukumbu yake ni mbovu, ameamua kutozitoa tena. Wewe itakubidi uamue leo na kesho pia uamue tena, kwasababu kichwa kitakurudishia usiku ukiwa umelala, na hiyo haimaanishi hukusamehe.

Acha kumtega

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kusema kwenye haya yote ningechagua hili.

Tunatega watu. Besdei inakaribia, au siku ya ndoa, au siku aliyofariki mama yako, na unajua kabisa huyu mtu ni msahaulifu, na badala ya kumwambia unakaa kimya. "Ngoja nione kama atakumbuka." Siku inafika, asubuhi inapita, mchana unapita, jioni unamwangalia anavyokula na kucheka, na kila dakika unaongeza kosa lake, usiku unamwambia unajua leo ilikuwa siku gani. Umemshika. Lakini umeshinda nini? Umemtega mtu mahali unapojua ana udhaifu, alafu ukamhukumu kwa kuanguka, na mimi nimefanya hivo, nimefanya kwa watu ninaowapenda, na ninaposoma Biblia sioni Mungu akifanya hivo kwa wasahaulifu wake.

Mungu anafanya nini? Anakumbusha. Kwenye Hesabu 15 anawaambia wana wa Israeli wajifanyie vishada kwenye ncha za nguo zao na waweke nyuzi za rangi ya samawi, ili wakiviangalia wayakumbuke maagizo yake. Kwenye Yoshua 4 anasema yatolewe mawe kumi na mawili katikati ya Yordani yawekwe, watoto wakiuliza mawe haya ni ya nini waambiwe. Pasaka ni ukumbusho. Meza ya Bwana ni ukumbusho, fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu, aliyasema usiku ule ule aliotolewa, akijua hawa watu wanaomzunguka wanasahau. Roho Mtakatifu aliahidiwa kwamba atawakumbusha yote aliyowaambia. Petro akiwa mzee anaandika kwamba ataendelea kuwakumbusha ingawa wanayajua. Na huyu Petro alijua anachosema, maana aliwahi kuambiwa jambo jioni na kabla hapajakucha limeshamtoka, mpaka jogoo akawika, na Luka anasema Bwana akageuka akamtazama, ndo Petro akalikumbuka neno. Hakuhutubiwa. Alitazamwa tu na ikatosha.

Hata wanafunzi waliposahau mikate wakiwa chomboni, Yesu aliwakemea ndio, aliwauliza hamkumbuki? Lakini alirudi nao hatua kwa hatua, nilipoivunja ile mitano mliokota vikapu vingapi, wakasema kumi na viwili, na ile saba je, wakasema saba. Aliwasaidia wakumbuke. Na safari ikaendelea wote wakiwa chombo kimoja.

Kwahiyo kama unampenda mtu na anasahau, mkumbushe. Najua utasema, nikimkumbusha inapoteza maana, nataka atoe moyoni, na mwenye macho haambiwi tazama. Nakuelewa, nilisema hivo hivo. Lakini fikiria, mtu aliyekumbushwa akaja, amekuja. Ameacha mambo yake, amevaa, amefika, amekaa na wewe. Hiyo yote imetoka moyoni. Kitu pekee kilichotoka nje ni tarehe. Kumkumbusha mapema ni kumsamehe kabla hajakosa, ndivyo ninavyoona mimi.

Mkumbushe bila kumdhalilisha: siku mbili kabla, kwa maneno mafupi, sio mbele ya watu, sio kwa sauti ya mwalimu. "Ijumaa ni siku ya mama, ningependa tuwe pamoja jioni." Wekeni kalenda moja ya nyumbani wote mnayoiona. Kama ni mtoto, weka listi mlangoni anapotokea, sio chumbani. Vitu vya kubeba viwekwe juu ya viatu. Muda mwingine dawa ya ugomvi wa miaka ni karatasi iliyobandikwa sehemu sahihi.

Lakini kama anasahau tu vile visivyomhusu yeye

Hapa nisiwe mlaini sana maana wapo watu wanaumizwa kweli. Kuna mtu hasahau mechi, hasahau mshahara, hasahau deni lako hata kidogo, ila deni lake kwako anasahau, dawa ya mtoto anasahau, ahadi zako wewe tu ndo zinamtoka. Huo sio usahaulifu wa kichwa, ni mazoea ya kutojali, na mazoea yanakemewa. Luka 17:3 inasema akikosa mwonye, akitubu msamehe, na mstari wa nne unasema hata mara saba kwa siku. Kuonya kumo ndani.

Na kusamehe hakumaanishi umrudishie kila jukumu lile lile. Umesahau kumchukua mtoto shule mara tatu, nimekusamehe mara tatu zote kwa moyo wangu wote, na kuanzia leo mtoto anachukuliwa na mtu mwingine. Hakuna mgongano hapo. Umemsamehe mtu na umemlinda mtoto. Jambo linalogusa usalama, dawa, moto, mtoto mdogo, usiliache litegemee kichwa cha mtu unayejua kinamtoka. Asipoelewa mweleze taratibu kwamba sio adhabu.

Kama ni kwenye huduma kanisani pia, mtu anasahau zamu yake kila wiki, msimwache kwenye ile zamu huku mnamsema pembeni. Mwiteni, mmuulize, labda amelemewa, labda zamu haimfai, kuna wengine wameshindwa kusema hapana tu.

Na kama ni ugonjwa

Ukiona mtu ambaye hakuwa hivo ameanza kubadilika, usikimbilie kumsamehe wala kumlaumu, mpeleke kwa daktari kwanza. Usahaulifu unaletwa na mambo mengi yanayotibika: kukosa usingizi, sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, baadhi ya dawa anazotumia, hata majonzi ya msiba. Anayeuliza swali lile lile baada ya dakika chache, anayepotea njia ya siku zote, anayeshindwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, huyo anahitaji kuonwa. Na kama kuchanganyikiwa kumekuja ghafla, ndani ya saa au siku moja, hiyo ni dharura, usisubiri, inaweza kuwa kiharusi au maambukizi.

Baba yangu alipata huu ugonjwa wa kusahau ambao madaktari wanauita dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, lakini kwangu ilikuwa baba mmoja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfanyia mtihani, naingia nasema baba mimi ni nani, unanikumbuka? Na naona anavyohangaika, macho yanatafuta, anaona aibu. Mhudumu mmoja mwenye hekima akaniambia usimuulize, mwambie. Kuanzia hapo nilikuwa naingia nasema "Shikamoo baba, ni mimi binti yako wa pili, nimekuja kukaa na wewe." Uso wake unalegea. Akiuliza tena baada ya dakika tano namwambia tena kama vile ni mara ya kwanza, kwasababu kwake ni mara ya kwanza kweli. Usibishane naye, usimwambie "nimeshakwambia". Imba naye nyimbo za zamani za ibada, baba alikuwa amesahau jina langu ila beti zote alikuwa nazo.

Siku alipomwita dada yangu na mimi hakuniita nilitoka nje nikalia sana. Isaya 49 ndo ilinishika, pale Mungu anapouliza mama aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na anajibu mwenyewe kwamba naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe. Sikuwahi kuona kwamba ile "naam" imo ndani. Mungu amekubali kwamba hata mzazi anaweza kusahau. Alafu anasema amekuchora kwenye vitanga vya mikono yake. Nilikuwa sina cha kumsamehe baba, hakukosa, lakini maumivu yalihitaji mahali pa kwenda na nikayapeleka huko.

Wewe ukiwa ndo umesahau

Kwa kifupi tu maana wengi wetu tuko pande zote mbili. Ukisahau, usianze na sababu. Anza na yeye: "Nilikuahidi, sikuja, na najua ulisubiri." Sababu kama ipo ije mwisho na iwe fupi. Usijilaani "mimi nimezaliwa hivi, sifai", manake hapo unamlazimisha aliyeumia akubembeleze. Alafu badilisha kitu kimoja kinachoonekana, weka alamu mbele yake, andika, omba akukumbushe. Samahani isiyo na alamu ni ile ile ya wiki iliyopita.

Rafiki yangu niliongea naye hatimaye, baada ya ibada, tumekaa kwenye ngazi. Nilimwambia mistari yangu miwili. Alilia, akasema alijua siku zote kwamba ile "haina shida" haikuwa kweli na alikuwa anaogopa kuuliza. Nikamwambia nimekusamehe, na nikamwomba na mimi anisamehe ile miezi saba ya tabasamu la uongo.

Mwaka huu nilikuwa na vipimo vya kurudia. Siku tatu kabla nilimtumia meseji: "Alhamisi saa tatu asubuhi niko hospitali, naogopa kidogo, naomba uje tuombe." Akajibu "asante kunikumbusha, naweka alamu sasa hivi". Jumatano jioni nikamtumia tena. Alhamisi nilipofika nikamkuta amekaa kwenye benchi la nje, Biblia iko mapajani, amefika kabla yangu.